Fahamu: Kichujio cha kiyoyozi kinapojaa vumbi

Kindu, mji wa mkoa wa Maniema nchini Kongo (DRC), karibu na ikweta, haina haja ya kupasha nyumba joto. Viyoyozi hupoza tu, na kiangazi, Juni hadi Agosti, huviletea vumbi jekundu. Likiziba kichujio, hewa hupungua, koili hushika barafu, kompresa hufanya kazi muda mrefu na mafuta ya jenereta huisha bure.

Mitambo mikubwa ya kupoza hewa hupima tofauti ya shinikizo la hewa mbele na nyuma ya kichujio; tofauti hiyo ikipanda, kimejaa. Viyoyozi vya ukutani kwa kawaida havina kipimo hicho. Taa ya onyo, ikiwepo, mara nyingi huhesabu saa za kazi tu, haijui vumbi la Maniema. Afadhali ukiinue kichujio kwenye mwanga: usipopenya, kioshe, kikauke kivulini, ukirudishe.