Dawa ya Vidonge Vitatu (Sehemu ya Pili)

Wiki jana nilieleza asili ya eritromaisini, dawa iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Iloilo, Ufilipino, ikatangazwa mwaka 1952. Mdogo wake, azithromaisini, alizaliwa maabarani Zagreb mwaka 1980. Leo tushuke nayo hadi Kotile, ukingoni mwa Mto Tana.

Katika duka moja la dawa nilimwona mama aliyebeba mtoto mwenye mafua. Muuzaji alichukua pakiti ya vidonge vitatu, akakata kimoja kwa makasi, akampa. Hela za mama zilitosha kidonge hicho tu. Hakuna aliyeuliza mtoto ana uzito gani, wala kama ana homa.

Nimekifikiria sana kidonge kile. Makrolaidi, jamii ya dawa hizi, haibomoi ukuta wa bakteria kama penisilini inavyofanya. Hupenya ndani na kuziba mtambo unaotengeneza protini, bakteria ikashindwa kukua. Virusi vya mafua havina mtambo huo. Huazima wa seli zetu. Kwa hiyo dawa haina pa kuziba. Mtoto angepona, au asingepona, vilevile bila kidonge.

Tena azithromaisini haitoki mwilini upesi. Unameza siku tatu, nayo hubaki kwenye nyama za mwili siku kadhaa zaidi. Ukimeza nusu ya dozi, bakteria waliomo mwilini huonjeshwa dawa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na wanaosalia ni wale sugu. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, nami naona ni haki kabisa.

Maana kazi zake za kweli ni nzito. Kipindupindu kikiingia, kama kilivyoingia Garissa na Tana River miaka ya karibuni, uhai huokolewa kwanza na maji ya ORS. Kwa mgonjwa aliyekauka sana, dozi moja ya azithromaisini hufupisha kuhara, na inawafaa hata watoto na wajawazito. Hutibu kifaduro, na pia nimonia za vijidudu visivyo na ukuta, ambavyo penisilini haiviwezi. Na kwa mfungaji wa Ramadhani ina nafuu yake: humezwa mara moja kwa siku, baada ya futari. Eritromaisini ya mara nne kwa siku huwatesa wafungaji, na wengi huruka dozi za mchana bila kumwambia daktari.

Tahadhari sasa. Mwenye ugonjwa wa moyo, hasa wa mapigo yasiyo sawa, aseme kabla ya kuandikiwa. Anayetumia dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini aseme pia, kwa kuwa zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo, na kando ya mto huu malaria si jambo la nadra. Dawa ya kiungulia yenye alumini au magnesiamu isimezwe pamoja nayo. Macho yakigeuka manjano, rudi kituoni siku hiyohiyo. Mtoto mchanga wa wiki chache asipewe ila kwa amri ya daktari: tumbo lake linaweza kuziba njia ya chakula, akawa anatapika kila anyonyapo.

Kuna jambo ambalo wafugaji hawaambiwi. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo Wasomali huiita sambab, husababishwa na kijidudu kisicho na ukuta, na tailosini anayodungwa mbuzi ni makrolaidi vilevile. Dawa ya zizi na ya nyumba ni za ukoo mmoja. Maziwa ya mbuzi aliyedungwa yasinywewe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa. Najua ugumu wake: kiangazi kikikaza, maziwa yale ndiyo chakula cha watoto. Basi mbuzi mgonjwa atiwe alama ya rangi pembeni, akamuliwe kando, na wale wazima ndio walishe nyumba.

Wiki ijayo: trakoma na macho ya wafugaji.