Fedha Nyingi, Usingizi Haba

Je, ndugu msomaji, mali nyingi huleta furaha? Wakazi wa mpaka wa Uganda na Kenya walikwisha kulionja swali hilo. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapaa duniani. Serikali ya Uganda ilimlipa mkulima bei duni. Basi magunia yakavushwa kwa magendo kuingia Kenya, tangu Busia na Tororo hadi Chepkube, chini ya Mlima Elgon. Wako waliotajirika kwa msimu mmoja. Lakini mwaka huo huo wa 1975 Idi Amin alikuwa ameunda mahakama ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo. Tajiri huyo mpya alimwogopa askari, alimwogopa jirani, hata hodi ya usiku ilimshtua.

Tusidanganyane: ufukara nao si raha. Fedha ya chakula, dawa na karo huondoa majonzi mengi nyumbani. Fedha hufurahisha pale ipunguzapo hofu ya kesho. Ikija na hofu kubwa kuliko ile iliyoiondoa, mwenyewe amepata mali, amepoteza usingizi.