Safari ya Milima ya Harz (Sehemu ya Nne): Fuata Mfereji, Usikimbilie Kilele

Moto uliozuka mapema Septemba 2024 kwenye mlima Königsberg, jirani kabisa na kilele cha Brocken katika milima ya Harz, Ujerumani, umenijazia barua. Mamia ya watalii waliteremshwa, treni za mvuke za kwenda kileleni zikasimamishwa, ndege na helikopta zikamwaga maji juu ya miti ambayo mingi yake ilikwisha kufa hata kabla ya moto kuifikia. Wasomaji wanauliza kama Harz bado ni mahali pa kwenda kutembea. Jibu lipo, nalo si refu. Ila anayeuliza habari za msitu wa Harz bila kuuliza habari za maji yake ameanzia hadithi katikati, nami nimengoja sehemu tatu nzima za mfululizo huu nipate kisingizio cha kuzungumzia maji.

Katika sehemu zilizopita tulikwisha kuzunguka Goslar na kupanda Brocken, mita 1,141, kilele kilichofungiwa raia tangu 1961 mpaka waandamanaji walipodai lango lifunguliwe tarehe 3 Desemba 1989. Sirudii hayo. Leo tuko Harz ya Juu, kwenye uwanda wa Clausthal na Zellerfeld, ambako mgeni mwenye haraka huona nyumba za mbao, malisho na mabwawa ya kuogelea, akapiga picha na kuondoka. Mabwawa yenyewe mazuri kweli. Siku ya joto watoto wanapiga mbizi na wazazi wamejilaza majanini, wakiamini wamekuja kupumzika penye maumbile yasiyoguswa na mkono wa mtu. Karibu yote yamejengwa na wachimba madini.

Mgodi wa fedha huuawa na maji, na maji hayohayo ndiyo huuokoa. Ukichimba chini, maji ya ardhini yanakufuata. Usipoyatoa usiku na mchana, yatazamisha kazi ya kizazi kizima. Kabla ya enzi ya mvuke, pampu za migodi ya Harz ziliendeshwa na magurudumu ya maji, yaani maji ya juu yaliteremshwa ili yapandishe maji ya chini. Taabu ilikuwa kwamba Clausthal imekaa juu uwandani, na mito yenye nguvu inapita mabondeni, mahali ambapo haimfai mtu. Mvua kubwa inanyesha upande wa Brocken, madini yako upande mwingine. Na kiangazi kikizidi, magurudumu yanasimama na mashimo yanajaa.

Kwa hiyo walichimba mifereji. Watawa wa Walkenried walikwisha kuonyesha njia katika Zama za Kati, lakini kazi kubwa ilifanywa kati ya karne ya 16 na ya 19: mabwawa zaidi ya 100, mifereji ambayo kwa jumla ilikaribia kilomita 500, na mahandaki ya kupenyeza maji chini ya vilima. Mwaka 2010 UNESCO iliunganisha mfumo huo na mgodi wa Rammelsberg na mji wa Goslar, vilivyokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1992. Mfereji wa Harz haukati njia ya mkato. Unazunguka kila mgongo wa kilima, na mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba inakubidi utazame jani linaloelea ndipo ujue maji yanaelekea wapi. Kila mita ya kimo iliyopotezwa njiani ilikuwa nguvu ambayo gurudumu halingeipata. Maji yakishaangukia gurudumu la kwanza, mfereji mwingine uliyadaka chini yake na kuyapeleka la pili, kisha la tatu, kabla hayajaachiwa mto.

Kati ya kazi zote hizo naipenda zaidi ile inayoitwa Sperberhaier Damm. Mfereji mkuu ulioanzishwa 1732 ili kuvuta maji ya upande wa Brocken ulikuta bonde limekata njia. Basi wakainua tuta, urefu wa mita 940 hivi na kimo cha mita 16, wakapitisha mfereji juu yake. Kufikia 1734 maji yalikuwa yanavuka. Kwa majembe, toroli na mabega! Leo njia maarufu ya Harzer Hexenstieg, inayotoka Osterode hadi Thale kwa takriban kilomita 100, inafuata sehemu ya mfereji huo, na utawaona wapanda milima wenye viatu vya bei mbaya wakipita juu ya tuta lile huku wakitafuta kwenye simu mgahawa ulio mbele. Oderteich nayo, bwawa la ukuta wa mawe ya matale lililojengwa 1715 hadi 1722, ilibaki bwawa kubwa kuliko yote Ujerumani hadi mwishoni mwa karne ya 19. Barabara kuu inapita juu ya ukuta wake, na madereva wengi hawapunguzi hata mwendo.

Anayetaka kuona maji hayo yalifanya nini aende mgodi wa Samson, mji wa St. Andreasberg. Ulifungwa 1910 baada ya kuteremka zaidi ya mita 800. Ndani yake yamo magurudumu mawili, moja la kipenyo cha mita 12 na jingine la mita 9. Hilo la mita 9 lina safu mbili za ndoo zilizotazama pande tofauti. Mwendeshaji akiyaelekeza maji kwenye safu hii, gurudumu linazunguka kulia na mzigo unapanda. Akiyahamishia safu ya pili, linazunguka kushoto na mzigo unashuka.

Mzigo ulikuwa na gurudumu la kuupandisha. Mtu alikuwa na ngazi. Baada ya zamu, mchimbaji alipanda gizani mamia ya mita, ngazi juu ya ngazi, mwenye kifua kibovu akizeeka mapema kuliko baba yake. Mwaka 1833 msimamizi wa migodi aitwaye Georg Dörell alifikiria nguzo mbili ndefu zinazoning'inia bega kwa bega shimoni, moja ikipanda wakati nyingine inashuka. Juu yake alitia vikanyagio na vishikio. Mtu anasimama kwenye kikanyagio, anainuliwa hatua chache, anahamia nguzo ya pili inayoanza kupanda, anarudi ya kwanza, hivyo hivyo hadi juani. Mashine ya namna hiyo iliyomo Samson bado inafanya kazi, na wageni wanaonyeshwa.

Mwaka uliofuata, 1834, afisa wa migodi wa Clausthal, Wilhelm Albert, alipata ufumbuzi wa jambo lililokuwa likiua watu. Kamba za katani zilioza kwa unyevu, na minyororo ya chuma ilikatika ghafla pasipo dalili. Albert alisokota nyaya za chuma kuwa nyuzi, nyuzi kuwa kamba. Waya mmoja ukikatika, mingine inashika, na fundi anayeikagua anaona mapema kwamba kamba imechoka. Lifti za ghorofa za Dar es Salaam na winchi za bandari ya Mombasa zimening'inia kwenye wazo hilo. Ningekuwa na mamlaka, ningemtaja mtu huyu katika vitabu vya shule kabla ya majemadari wote wa Prussia.

Kinyume chake ni mwanafalsafa Leibniz, mmoja wa wenye akili nyingi kuliko wote wa zama zake, aliyefika Harz mwaka 1679 akidai atapampu migodi kwa upepo ili kuokoa maji ya mabwawa. Wazo lilikuwa zuri. Lakini upepo wa Harz ulikuwa wa kigeugeu, mitambo ikaharibika, gharama zikapanda, na baina yake na wakuu wa migodi hapakuwa na masikilizano. Katikati ya miaka ya 1680 mtawala alikata fedha. Wapo wasomi wanaomhurumia. Mimi nawahurumia zaidi maseremala waliotumwa kujenga kitu ambacho mjenzi wake hakuwa na subira ya kuwasikiliza.

Clausthal ina pia mtoto wake ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamjua. Robert Koch, mgunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, alizaliwa hapo tarehe 11 Desemba 1843, baba yake akiwa afisa wa migodi. Alifika Dar es Salaam katika miaka ya 1890, na mwaka 1906 na 1907 alipiga kambi visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, kuchunguza malale. Dawa aliyoitumia, atoxyl, yenye sumu ya aseniki, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa wake. Bamba la ukumbusho halina nafasi ya kuandika hayo, gazeti linayo.

Sasa kutembea. Mfereji wa Rehberg unatoka Oderteich kuelekea St. Andreasberg, kilomita saba hivi. Njia iliyo kandoni mwake haikukusudiwa watalii. Ilikuwa ya mtunza mfereji, mtu aliyepita kila siku kuondoa majani, kuvunja barafu na kuziba pale fuko alipotoboa. Ndiyo maana ni tambarare, hata bibi mwenye mkongojo na mjukuu wake wataiweza. Mahali pengine mfereji umefunikwa kwa mabamba ya mawe ili theluji isiuzibe. Katikati ya njia kuna nyumba ya zamani ya watunza mfereji, siku hizi mkahawa. Maji yenyewe bado yana kazi: yanazungusha mitambo ya umeme ndani ya shimo la Samson. Usikanyage kingo, na usiwaache watoto wajenge viboma vya vijiti ndani ya maji.

Kuna pia mchezo wa mihuri, Harzer Wandernadel: vituo 222 milimani, kila kimoja na muhuri wake, na beji kwa anayekusanya mihuri ya kutosha. Unawafikisha watu mahali ambapo wasingefika, hilo nakubali. Lakini nimemwona baba wa makamo akigonga muhuri kando ya bwawa na kugeuka bila kulitazama.

Shirika la maji la huko linaendelea kutunza mabwawa 65 na mifereji ya kilomita 70 hivi. Iliyobaki imekauka au imefukiwa. Cheti cha UNESCO hakizoi majani. Nimesema hivyohivyo kuhusu mifongo, yaani mifereji ya maji ya Wachagga, ambayo tunaisifu mikutanoni huku vijana wanaopaswa kuizibua wameshakwenda mjini, na nitaendelea kusema hata mhariri akichoka.

Nafasi inakwisha na msitu nimeuahidi. Kwa ufupi: migodi ilitaka magogo ya kushikilia mashimo na makaa ya kuyeyushia madini, msitu wa asili ukaliwa, na tangu karne ya 18 misprusi ikapandwa safu kwa safu kwa kuwa inakua upesi na imenyooka, hata kwenye miteremko ya chini isiyokuwa kwao. Ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha, mbawakawa wa magome wakaimaliza. Hifadhi ya Taifa inaiacha miti iliyokufa isimame ili msitu mchanganyiko ujiotee wenyewe. Wakazi wengi wa karibu wanasema hizo ni kuni zinazongoja kiberiti. Mimi naona iondolewe kando ya makazi na barabara, kwingine iachwe. Miche iliyokwisha kuchomoza kati ya magogo inanipa sababu.

Kwa hiyo nendeni, ila mwezi Mei, theluji imekwisha kuyeyuka na mifereji imejaa, sio katika joto la Agosti. Someni mabango ya tahadhari ya moto, msivute sigara msituni. Brocken iwekeni siku ya mwisho, kama nauli ya treni itakuwa imebaki.