Ala ya Waya katika Injini ya Lori Kuukuu

Malori ya Bedford aina ya J, yaliyoanza kutolewa nchini Uingereza mwaka 1958, yalijulikana sana katika barabara za Afrika Mashariki, na machache yangali yanatunzwa na wenyewe kwa uangalifu mkubwa. Chuma cha lori la namna hiyo huweza kudumu kwa miongo mingi. Kinachochakaa mapema zaidi ni kitu ambacho dereva hakitazami kamwe: ngozi ya plastiki iliyovikwa waya wa umeme, pamoja na ala inayoukinga waya huo na joto la ekzosi.

Plastiki iliyotumika kwa kawaida katika waya wa magari ya enzi hiyo ni polivinili kloraidi. Kwa asili yake plastiki hii ni ngumu. Huwa laini kwa sababu kiwandani huchanganywa na vilainishi vya majimaji mazito. Joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, na hatimaye waya ukikunjwa ngozi yake hupasuka mithili ya ganda la yai. Wahandisi hutumia kadirio moja jepesi: kila joto linapoongezeka kwa digrii 10 za Selsiasi, umri wa kihami hupungua kwa nusu. Basi kihami ambacho kingedumu miaka 20 katika digrii 70, kikikaa katika digrii 100 kitadumu miaka miwili na nusu tu. Hilo ni kadirio, si sheria. Lakini fundi aliyewahi kufungua boneti ya gari kuukuu hatalibishia.

Joto lenyewe humfikia waya kwa njia zaidi ya moja, ila iliyo kali ni mnururisho, yaani joto lisafirilo kama mwanga pasipo kuhitaji hewa. Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba nguvu ya mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto ipimwayo kwa Kelvini. Bomba la kutolea moshi likipanda kutoka digrii 300 hadi 500 za Selsiasi, yaani kutoka Kelvini 573 hadi 773, mnururisho wake huongezeka zaidi ya mara tatu. Na hatari haiishi injini inapozimwa. Lori lililopanda mlima Kitonga kwa gia ndogo likisimama ghafla, feni husimama na maji ya radieta huacha kuzunguka, huku chuma cha ekzosi kingali kikiwaka kwa joto. Kwa dakika kadhaa waya hupata moto kuliko ulivyokuwa safarini.

Je, ngozi ikipasuka na shaba ikagusa chesisi, hutokea nini? Tuchukue betri ya volti 12 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.01, na waya wa shaba wenye urefu wa mita 2 na eneo la milimita mraba 2. Ukinzani wa waya ni omu 0.017. Mkondo utakuwa kiasi cha ampea 440, na nguvu itakayogeuka joto ndani ya waya ni zaidi ya wati 3,000, sawa na pasi tatu za umeme. Kwa kuwa shaba yote hiyo ina uzito wa gramu 36 hivi, halijoto yake hupanda kiasi cha digrii 200 katika sekunde ya kwanza. Dereva hana wakati hata wa kushuka. Waya usiopitia kwenye fyuzi, kama ule mnene utokao kwenye betri, ndio wa kuanza kukaguliwa.

Kabla ya kushika kisu, fundi hana budi kutazama ala ya zamani imefumwa kwa nini. Zamani ala zilizo karibu na ekzosi zilifumwa mara nyingi kwa asbesto, madini yasiyoungua. Nyuzi zake nyembamba zikivutwa pumzini hubaki mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999, lakini marufuku haiondoi kilichokwisha fungwa ndani ya gari. Kitambaa cha kijivu kinachotoa vumbi kisikwanguliwe kikavu wala kupulizwa kwa hewa ya kompresa, desturi mbaya iliyoenea katika gereji nyingi. Kiloweshwe maji, kiondolewe kizima, kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Na mwanafunzi wa ufundi asitumwe kuifanya kazi hiyo.

Betri hutenganishwa kwanza upande unaokwenda chesisi, ili spana ikigusa bodi isilete shoti. Malori mengi ya Uingereza ya wakati huo yaliunga chanya kwenye chesisi, kwa hiyo alama ya hasi isiaminiwe. Waya wenyewe ufuatwe kwa macho. Waya uliopasuka ngozi hubadilishwa mzima, kwani kuuvika ala mpya ni kuficha ugonjwa. Kihami cha polietilini iliyofungamanishwa huvumilia digrii 125 hivi, na cha mpira wa silikoni hufika 180. Juu yake huvikwa ala iliyofumwa kwa nyuzi za kioo, ambayo ncha zake hufungwa zisichambuke.

Hata hivyo, kuhami si kupoza. Ala huchelewesha joto tu. Waya ukikaa muda mrefu kando ya ekzosi, hatimaye utapata moto. Kibati cha alumini kinachong'aa, kikiwekwa katikati huku kikiacha nafasi ya hewa pande zote mbili, hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho kabla haujafika. Mwalimu aweza kulionyesha hilo darasani kwa makopo mawili ya maji, moja likipakwa masizi na jingine likisuguliwa hadi ling'ae, yote yakiwekwa umbali sawa kutoka kwenye jiko la mkaa, nje au mahali penye hewa ya kutosha. Kipimajoto kisomwe kila dakika mbili.