Sombe Mbichi Si Dawa ya Damu

Swali linarudi kila mara, Bafwasende na hata Kisangani mjini, na linaulizwa kwa maneno yaleyale: mtu aliyeacha nyama na samaki, kwa imani yake au kwa ajili ya afya, ale majani mabichi au yaliyopikwa? Yapi yana nguvu zaidi? Swali lenyewe limekosewa, kwa sababu linachukulia kwamba mimea yote ni kitu kimoja. Papai linaliwa bichi na linafaa. Maharagi mabichi yanamtapisha mtu siku hiyohiyo. Jani la muhogo, yaani sombe, likiwa bichi lina sumu. Anayetaka jibu moja la mimea yote hatalipata, na anayempa jibu hilo moja, awe mchungaji, muuza dawa za asili au mtu wa video kwenye simu, anamtia hatarini.

Kinachofanya swali hili lisiwe la mchezo ni ile juisi ya kijani. Majani ya muhogo yanachumwa, yanaoshwa, yanasagwa kwenye blenda au kutwangwa, yanakamuliwa kwa kitambaa, kisha maji yake yanachanganywa na maziwa ya kopo au nyanya na sukari. Anapewa mama mjamzito, mtoto aliyetoka kuugua malaria, au mgonjwa wa SS, yaani selimundu, ili damu irudi. Hoja inayoambatana na kikombe hicho ni kwamba majani yana madini ya chuma, kwamba moto unaua vitamini na vimeng'enya, na kwamba kwa hiyo kibichi ndicho dawa na kilichopikwa ni makapi. Hoja hiyo ina chembe za ukweli, ndiyo maana inawashika hata watu waliosoma. Lakini kwa muhogo inaishia pabaya.

Ndani ya jani la muhogo kuna linamarini, yaani sukari iliyofungamana na sianidi. Katika kuta za chembe za jani hilohilo kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Mdudu akilitafuna, mchi ukiliponda, kisu cha blenda kikilikata, vinakutana na sianidi inaanza kutoka. Ndivyo mmea unavyojilinda na wanaoula. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo juu ya moto, katika sufuria isiyofunikwa, inaondoka pamoja na mvuke. Akina mama wa Tshopo wanatwanga kwanza, halafu wanachemsha kwa muda mrefu, na mpangilio huo ni sahihi kabisa: kutwanga kunaifungua sumu, kuchemsha kunaifukuza. Juisi inafanya kazi ya kwanza na kuacha ya pili. Inaifungua sumu, kisha inampa mtu ainywe. Kitambaa hakiizuii, kwa kuwa linamarini inayeyuka katika maji na kupita pamoja na juisi. Maziwa, nyanya na sukari haviiondoi. Vinaficha uchungu tu, na uchungu ndio uliokuwa ukimwonya mnywaji.

Tazama sasa sianidi inafanya nini mwilini. Inazuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Damu inafika kwenye ubongo na moyo ikiwa na oksijeni yake, lakini haitumiki. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu tayari anapata oksijeni kidogo, na kikombe kinachoitwa dawa ya damu kinamzuia asiitumie hata hiyo kidogo. Dozi ya sianidi inayoweza kuua huanzia karibu miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Kwa mtoto wa kilo 12 hizo ni miligramu 6, na kilo moja ya majani mabichi ya muhogo huweza kutoa mamia ya miligramu. Piga hesabu mwenyewe ni konzi ngapi za majani zimeingia kwenye kikombe chake. Wengi hawafi, ni kweli. Wanapata kizunguzungu, kichwa kinauma, wanatapika, miguu inalegea, na muuza juisi anawaambia kwamba mwili unajisafisha. Hausafishwi. Unapigana na sumu.

Na hicho chuma kinachosifiwa? Chuma ni madini. Moto wa jikoni hauwezi kukiua. Kimo kwenye sombe iliyopikwa pia. Shida yake ni kwamba chuma cha mimea, kibichi au kilichopikwa, mwili hukifyonza kwa shida, na kinachosaidia ni vitamini C ya chungwa, pera au limau katika mlo uleule, na kuiweka chai mbali na chakula. Zaidi ya hayo, damu inayopungua katika misitu yetu mara nyingi imepunguzwa na malaria, na minyoo ya safura au na selimundu. Hakuna jani linaloyatibu hayo. Siku 3 za kumnywesha mtoto juisi ni siku 3 alizocheleweshwa kupimwa.

Watajibu kwamba wazee walitafuna muhogo mbichi shambani na wakaishi. Walitafuna vipande vya muhogo mtamu, ambao sumu yake ni ndogo, si glasi ya majani yaliyosagwa. Tena walikula samaki na nyama ya mwituni. Hapa ndipo mtu aliyeacha vyakula vya wanyama anapaswa kusikiliza kuliko wote. Mwili unaigeuza sianidi kuwa thiosianeti, kitu kisicho na ukali huo, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa, inayotokana na protini. Nyama, samaki na mayai vinaileta kwa wingi. Mzizi wa muhogo karibu hauna protini kabisa. Anayekula bugali la muhogo na sombe peke yake, bila maharagi, karanga, ufuta wala mahindi, ana kinga ndogo kuliko jirani yake mla samaki. Tunajua mambo yanavyoishia kinga hiyo ikikosekana. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa konzo huko Kwango: mtu anakuwa mzima leo, kesho miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Ulionekana Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 wakati wa ukame, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Kila mahali hali ilifanana: muhogo mchungu, haraka katika kuuandaa, na chakula kisicho na protini ya kutosha. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, walewale wanaonyweshwa juisi.

Hoja ya vitamini naikubali kwa sehemu. Kupika kunapoteza vitamini C nyingi ya majani, na sehemu ya folati. Lakini nani alisema vitamini C ni lazima itoke kwenye sombe, katika nchi yenye mapapai, mananasi, maembe na mapera? Upande wa pili wa mizani hautajwi kamwe: karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi majani yakipikwa na mafuta. Vimeng'enya navyo vinasifiwa bila kufikiriwa. Vya chakula humeng'enywa tumboni kama protini nyingine, na mwili hutengeneza vyake. Kile kimeng'enya kimoja cha jani la muhogo ambacho kweli kinafanya kazi kwenye kikombe ni linamarasi, na tumeona kazi yake.

Wanaoleta mfano wa Wazungu wasiopika wajue kwamba Wazungu hao hawali muhogo, na bado hawako salama. Uchunguzi uliofanywa Giessen, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba, kati ya wanawake wala vyakula vibichi wenye umri chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi yao ilikuwa imevurugika au imekoma kabisa. Mwili uliokosa nishati hufunga uzazi. Na anayedhani kwamba kula kibichi ndiyo asili ya msituni aifuate barabara ya taifa namba 4 hadi Epulu, ng'ambo ya Nia-Nia. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alipoandika kuhusu Wambuti wa huko, alieleza jinsi walivyohama kambi wakibeba kaa la moto limefungwa kwenye majani. Watu wanaoujua msitu kuliko sisi sote hawakukubali kuuacha moto nyuma.

Basi fanya hivi. Sombe: chuma majani machanga, yatwange yalainike, chemsha kwa maji mengi bila kufunika hadi ile harufu kali iishe, mawese na karanga mwishoni. Usitumbukize majani mazima kwenye maji yanayochemka, kwa kuwa kimeng'enya kinakufa kabla ya kuivunja linamarini, nayo inabaki. Usiyachome mawese hadi yawe meupe. Umeiunguza karotini yote. Muhogo mchungu: menya, loweka siku 3 au 4 hadi ulainike, kausha vizuri. Unga wenye shaka: ulowanishe kwa maji, utandaze usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo usonge siku hiyohiyo. Njia hiyo ya mtafiti Howard Bradbury imetumika Popokabaka dhidi ya konzo. Maharagi: loweka usiku, mwaga maji, yachemke kwa nguvu hadi yaive, ya nusu moto ni mabaya kuliko mabichi. Soya, majimbi na uyoga: pika. Lengalenga na matembele: pika kidogo tu. Matunda, parachichi, nyanya na vitunguu: kula vikiwa vibichi, ukiviosha kwa maji safi, si ya mto Lindi moja kwa moja. Karanga zenye ukungu: tupa, moto hauiondoi sumu yake. Chumvi iwe na madini joto, kwa sababu thiosianeti hushindana na madini hayo na kuleta rovu. Vitamini B12 usiitafute kwenye mmea, mbichi wala uliopikwa. Mwombe muuguzi vidonge au sindano.

Mtu akishakunywa juisi ya majani ya muhogo kisha akaanza kutapika, kuhema haraka au kulegea, usimwongezee maziwa na usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya, na ukifika mlangoni mwambie muuguzi wazi kwamba amekunywa majani mabichi ya muhogo, ni kiasi gani na ni saa ngapi.