Jinsi ya Kuchagua Kibodi Nzuri kwa Kuchapa Haraka

Kasi ya kuchapa hupimwa kwa maneno kwa dakika, na kila herufi tano, pamoja na nafasi, huhesabiwa kuwa neno moja. Kasi hutokana na mazoezi, lakini kibodi mbovu huiua. Nimewahi kumwona mwanafunzi hodari akishindwa kumaliza kazi ya vitendo kwa sababu kitufe cha A kilikuwa kinaganda. Kila mstari alirudi kufuta.

Basi ukienda dukani, iwe katikati ya jiji la Mwanza au kwa fundi wa mtaani kwako, anza na kitufe hicho. Omba kibodi ichomekwe kwenye kompyuta, kisha chapa: "Wavuvi wa Mwanza wanauza dagaa Kirumba." Sentensi hii ina herufi 33, na 11 kati yake ni a, yaani theluthi nzima. Mpangilio wa QWERTY ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1874 kwenye mashine za Remington, na waliouunda hawakuwa na Kiswahili akilini. Waliiweka A chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakina nguvu. Kwa hiyo A ikiwa ngumu, ikirudia herufi au ikiruka, iache kibodi hiyo hata kama bei ni ya kutupa.

Kibodi nyingi za bei nafuu zina raba chini ya vitufe. Zikiwa mpya hufaa kabisa kwa mwanafunzi. Raba ikichoka, kitufe huchelewa kurudi juu. Kibodi za mekaniki zina springi na swichi kwa kila kitufe. Hudumu zaidi, ila ni ghali na nyingi zina kelele. Sikushauri ujinyime kwa ajili yake.

Kuwa makini na za mtumba. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana Y na Z: kompyuta ikiwa imepangwa kwa Kijerumani, ukichapa "yeye" kwa mazoea utapata "zeze". Ala nzuri, lakini siyo uliyokusudia! Ya Kifaransa ina Q mahali pa A. Mpangilio unaweza kubadilishwa ndani ya kompyuta, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki yaleyale, na anayeanza kujifunza atachanganyikiwa.

Papasa pia F na J. Lazima ziwe na vinundu, maana ndivyo vinavyokuongoza kuweka vidole bila kutazama chini. Chagua ya waya. Isiyo na waya inaweza kuishiwa betri katikati ya kazi.

Zoezi
1. Hesabu herufi a katika aya ya kwanza ya insha yako ya mwisho. Ni sehemu gani ya herufi zote?
2. Umechapa herufi 600, pamoja na nafasi, kwa dakika 4. Kasi yako ni maneno mangapi kwa dakika? (Jibu: 30)