MUGUMO NI MWALIMU

Wanafunzi wenzangu, je, elimu ya mazingira hutoka vitabuni tu? Marehemu Profesa Wangari Maathai alionyesha kuwa la. Utotoni kwake Nyeri, mamake alimkanya asiokote kuni za mugumo kwani ni mti wa Mungu. Baadaye miti hiyo ilikatwa na vijito vikakauka. Ndipo, akiwa mwanasayansi, akatambua kwamba mizizi yake hushika udongo na kuyaleta maji juu. Kumbe mila ilikuwa na sayansi ndani yake!

Mwaka wa 1977 alianzisha shirika la Green Belt. Wataalamu wa misitu walishikilia kuwa kupanda miti kwahitaji diploma. Yeye aliwahimiza akina mama watumie maarifa yao ya shambani, nao wakaotesha miche hata katika vyungu vilivyovunjika.

Sisi wa hapa Baba Dogo twapita kando ya mto mweusi asubuhi, kisha darasani twakariri maana ya "uchafuzi". Jamani, si heri tutoke na madaftari, tuuchore mto huo, tuutungie mashairi, na kuwauliza wazee miti gani iliota hapo? Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.